Shamba la mama halitoi gesi, na sababu yake inaniuma

"Binti yangu, hewa yetu mnaipeleka wapi?"

Mzee aliyeniuliza swali hilo alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba lake, upande wa Nyando, magharibi mwa Kenya. Mimi nilikuwa nimepiga magoti katikati ya mahindi yake na bomba la sindano mkononi. Mbele yangu palikuwa na sanduku la plastiki lisilo na kitako, limekalishwa juu ya fremu tuliyokuwa tumeizika ardhini mapema. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia juani. Unafunika sanduku, unalibana na fremu lisivuje, unatazama saa. Unavuta hewa kwa sindano mara tu baada ya kufunika, kisha dakika ya 10, ya 20, ya 30. Kila mvuto unaingia kwenye kichupa kilichozibwa kwa mpira, kichupa kinaandikwa namba, na vichupa vyote vinasafiri hadi maabara. Huko mashine inapima kaboni dioksaidi, methani na naitrasi oksaidi, gesi zinazopasha dunia joto. Gesi ikionekana kuongezeka kutoka mvuto wa kwanza hadi wa mwisho, basi hicho ndicho udongo ulichopumua.

Nilimweleza mzee hivyo hivyo. Akatazama mahindi yake, yaliyokuwa ya manjano kuanzia majani ya chini, na kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, imeshaanza kutoa maua ya zambarau kati ya mistari. Wanaolima kwetu wanajua kayongo ikishika shamba maana yake ni nini. Akasema, "Basi mtapata kidogo. Shamba lenyewe halina nguvu ya kuotesha mahindi, litatoa wapi nguvu ya kupumua?"

Nilicheka kwa adabu nikaendelea na vichupa vyangu. Ningekuwa msikivu zaidi, ningekuwa nimeandika maneno yake kwenye daftari kando ya namba.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa mashamba madogo magharibi mwa Kenya, maeneo yale yale ya Nyando, kuanzia uwanda wa chini wenye kimo cha mita 1,200 hivi hadi nyanda za juu. Viwanja 59 vilipimwa kwa mwaka mzima. Naitrasi oksaidi iliyotoka, ukihesabu naitrojeni iliyomo, ilikuwa kati ya karibu sifuri na kilo 1.8 kwa hekta kwa mwaka. Wakulima wale walikuwa wakitia naitrojeni isiyozidi kilo 20 kwa hekta, na wengi chini ya hapo sana. Watafiti walipolinganisha mashamba yaliyotunzwa zaidi na yaliyotunzwa kidogo, hawakuona tofauti ya maana. Yote yalitoa kidogo.

Niliposoma matokeo hayo nilikuwa Uholanzi, nasoma Wageningen, chuo kikuu cha kilimo. Nakiri nilijisikia fahari. Darasani tulikuwa tukilinganisha nchi kwa nchi, gesijoto zinazotoka kwenye udongo wa kilimo, na kwenye jedwali Kenya ilikaa vizuri, chini kabisa kwa hekta. Uholanzi ilikuwa juu. Nilimpigia mama simu nikamwambia shamba letu halichafui hewa. Akaniuliza kama hilo litaleta mbolea.

Fahari yangu iliishia kwenye simu hiyo.

Naitrasi oksaidi ni gesi inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Kuna wanaoibadilisha amonia kuwa naitreti penye hewa, na kuna wanaoichukua naitreti na kuivunja pale udongo unapojaa maji na oksijeni kupungua. Katika kazi zote mbili kuna kinachovuja njiani, na hicho kinachovuja ndicho N2O. Kilo moja yake hupasha joto dunia sawa na kilo 273 za kaboni dioksaidi kwa kipimo cha miaka 100, na hukaa angani zaidi ya karne. Lakini bakteria hawa hawatengenezi kitu kutoka hewani. Wanahitaji naitrojeni ya ziada, ile ambayo mmea haujaiwahi. Pasipo na ziada hapavuji kitu.

Kwa hiyo namba ndogo ya Nyando ilikuwa inasema kile alichosema mzee. Udongo ule hauna cha ziada.

Nipige hesabu kwa mifuko, maana kwa mifuko ndivyo tunavyonunua. Mwaka 2009 jarida la *Science* lilichapisha makala iliyolinganisha naitrojeni kwenye mashamba ya mahindi ya sehemu tatu: magharibi mwa Kenya, kaskazini mwa China, na eneo la kati magharibi la Marekani. Mkulima wa kwetu alikuwa akitia kilo 7 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Mchina, anayepanda ngano na mahindi mwaka huo huo mmoja, kilo 588. Mmarekani kilo 93. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, una kilo 9 za naitrojeni, kwa hiyo mkulima wa kwetu hakuwa anafikisha hata mfuko mmoja kwenye ekari mbili na nusu. Halafu ukitoa kilichovunwa na kubebwa, pamoja na mabua yanayopelekwa kwa ng'ombe, shamba la Kenya lilibaki na upungufu wa kilo 52 kila mwaka. La China lilibaki na ziada ya kilo 227.

Upungufu wa kilo 52 maana yake tunaula udongo wenyewe. Tunakula akiba iliyowekwa na msitu na majani kabla hatujazaliwa. Kwenye mashamba yaliyokatwa kutoka misitu ya Kakamega na Nandi, sehemu kubwa ya mboji hupotea katika miaka ya mwanzo ya kulima, na kaboni yake huenda angani. Ikishaisha, gesi nazo zinapungua, na shamba linaonekana safi kwenye jedwali la mwaka huu. Jedwali halina safu ya kuandikia kilichokwisha kutoka wakati wa babu.

Upande wa pili, Uholanzi, nilikwenda kuona shamba karibu na Woerden, mkoa wa Utrecht. Ni tambarare yenye mitaro iliyonyooka, ng'ombe weusi kwa weupe, majani ya kijani kibichi ambacho sikuwahi kukiona hata msimu wa mvua za masika. Mwenyeji wetu alituonyesha nyumba yake ya zamani. Ngazi ya mlangoni ilikuwa imeongezwa vidato chini kwa sababu ardhi inazidi kushuka. Nyumba imesimama juu ya nguzo ndefu zilizopigiliwa hadi kwenye mchanga mgumu, lakini uwanja wote kuizunguka unadidimia.

Udongo wa pale ni mboji ya kinamasi, majani yaliyokufa yakazama majini kwa maelfu ya miaka, yakakosa oksijeni, yasioze. Waholanzi walianza kuukausha zama za kati, karibu miaka 1,000 iliyopita, kwa mitaro, baadaye kwa vinu vya upepo, sasa kwa pampu. Maji yakishuka hewa inaingia, na kilichohifadhiwa kwa maelfu ya miaka kinaoza kama samadi kwenye lundo. Ardhi inashuka, maji yanakuwa karibu tena, pampu inaongezwa nguvu, ardhi inashuka zaidi. Sehemu nyingi za nyanda hizo hudidimia karibu sentimita moja kwa mwaka. Kwa makadirio yanayotumika huko, kila milimita ni kama tani 2 za kaboni dioksaidi kwa hekta. Sentimita moja basi ni tani 20 na zaidi.

Sasa linganisha na samadi. Kwa miaka mingi Uholanzi ilipewa ruhusa maalumu na Umoja wa Ulaya ya kutia hadi kilo 250 za naitrojeni ya samadi kwa hekta ya majani, badala ya kilo 170 za kawaida, ruhusa iliyoondolewa hatua kwa hatua hadi mwisho wa mwaka 2025. Tumia kanuni ya kawaida ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa hali ya hewa, kwamba asilimia 1 ya naitrojeni unayotia hutoka kama N2O. Kilo 250 zinakupa kilo 2.5 za naitrojeni, ambazo ni karibu kilo 4 za gesi yenyewe, ambazo ni kama tani moja ya kaboni dioksaidi. Tani moja kutoka kwenye samadi yote ile, na tani 20 kutoka kwenye ardhi yenyewe kwa sababu tu imekaushwa. Nilirudia hesabu hiyo kwenye basi nikirudi, nikidhani nimekosea nukta.

Na hapa ndipo ulinganisho wa nchi kwa nchi unapompotosha msomaji asiye na mwongozo. Kwenye hesabu za taifa zinazopelekwa Umoja wa Mataifa kuna fungu linaloitwa udongo wa kilimo, nalo hubeba naitrasi oksaidi. Kaboni dioksaidi ya mboji inayooza haiandikwi humo. Inaandikwa kwenye fungu jingine, la matumizi ya ardhi. Anayelinganisha fungu la udongo wa kilimo la Kenya na la Uholanzi anaona samadi na mbolea, haoni kwamba chini ya ng'ombe ardhi inakwenda angani. Namba zote ni sahihi, na bado picha ina pengo kubwa kuliko kilichochorwa.

Waholanzi wenyewe wanajua. Kwenye makubaliano yao ya hali ya hewa ya mwaka 2019 walijiwekea lengo la kupunguza tani milioni moja kwa mwaka kutoka kwenye nyanda hizo za mboji ifikapo 2030. Zegveld, jirani na nilikokwenda, kuna shamba la majaribio la ng'ombe wa maziwa ambako wanajaribu kupandisha maji, kupitisha mabomba chini ya majani, hata kupanda mimea ya kinamasi jamii ya matete badala ya majani ya ng'ombe. Ukipandisha maji sana trekta inazama na methani inaanza kutoka, kwa hiyo wanatafuta kimo cha katikati. Ni kazi ya uvumilivu na ninaiheshimu.

Lakini mwaka huo huo wa 2019 kelele kubwa nchini mwao ilikuwa juu ya naitrojeni ya aina nyingine. Tarehe 29 Mei Baraza la Taifa, mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala, liliufuta mpango uliokuwa ukitoa vibali kwa mategemeo kwamba naitrojeni, hasa amonia itokayo kwenye samadi, inayoanguka kwenye hifadhi za asili itapungua baadaye. Oktoba 1 wakulima waliendesha matrekta hadi Den Haag, na misururu ya magari siku hiyo ilizidi kilomita 1,000. Niliwatazama wakulima wale na moyo ukagawanyika. Watu walioambiwa kwa miaka 50 wazalishe zaidi, wakakopa, wakajenga mazizi, kisha wakaambiwa wamezidi. Najua sura ya mkulima anayeambiwa afanye kinyume cha alichofundishwa jana.

Kuna jambo moja la kitaalamu pale ambalo limenikaa kichwani kuliko yote. Ili kupunguza amonia, tangu miaka ya 1990 Uholanzi inawalazimu wakulima kuichomeka samadi ya majimaji ndani ya udongo kwa mashine yenye visu, badala ya kuinyunyiza juu. Amonia imepungua kweli. Lakini naitrojeni inayozuiwa kutoka juu inabaki chini, kwenye unyevu, mikononi mwa bakteria, na hesabu ya taifa yenyewe inakubali kwamba samadi iliyochomekwa hutoa N2O nyingi kuliko iliyomwagwa juu. Umeziba tundu moja, jingine limefunguka. Kwenye nchi yenye ziada hakuna mahali pa kuificha naitrojeni. Dawa pekee ya kweli ni kuwa na kidogo.

Kwetu dawa ni kuwa na zaidi. Nchi mbili, udongo wa aina mbili, na ushauri unaotolewa kwenye mikutano ni mmoja: punguzeni.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kwenye mchango wa Kenya kwa Mkataba wa Paris, yaani ahadi yake ya kupunguza gesijoto, uliosahihishwa mwaka 2020 imeandikwa kwamba gesijoto za nchi mwaka 2015 zilikuwa tani milioni 93.7, na kilimo kilichangia asilimia 40. Nimesikia watu wenye elimu wakiichukua asilimia hiyo 40 na kusema mkulima wa Kenya ni tatizo. Asilimia ni kubwa kwa sababu viwanda na magari yetu ni machache. Sehemu kubwa ya kilimo hicho ni matumbo ya mifugo, na kwa upande wa udongo, ni mkojo na kinyesi cha ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaotembea malishoni.

Hata huo mkojo tulihesabiwa kwa kanuni zilizotokana na malisho ya nchi nyingine. Kanuni ya 2006 ilisema asilimia 2 ya naitrojeni inayoangushwa na ng'ombe malishoni inatoka kama N2O. Walipopima Kenya, kwa ng'ombe wanaokula majani makavu yenye naitrojeni haba, walikuta chini ya hapo kabisa. Marekebisho ya mwaka 2019 yameishusha hadi asilimia 0.4, na kwa sehemu kavu asilimia 0.2. Fikiria hilo: kwa zaidi ya mwongo mmoja nchi kavu za Afrika zilibebeshwa mara kumi ya kilichokuwa kinatoka. Wafugaji hawakubadilisha chochote. Kilichobadilika ni kwamba kuna watu walikwenda kupima.

Haki inanitaka niseme na upande mwingine, maana kupima hakuleti habari njema tu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo kutoka kwenye maboma ya ng'ombe, pamoja na yale ya Kapiti, Machakos. Mchana ng'ombe hula eneo kubwa, usiku hulala boma moja, na samadi hurundikana bila kurudi shambani. Maboma yale yalikuwa yakitoa naitrasi oksaidi nyingi sana, hata yaliyohamwa miongo mingi nyuma. Hakuna aliyekuwa ameyahesabu. Sikushangaa sana. Huko Narok wanaakiolojia wameonyesha kwamba mahali palipolala mifugo ya wafugaji wa kale, miaka 1,500 hadi 3,000 na zaidi iliyopita, bado pana udongo wenye rutuba na majani mabichi yanayovuta swala hadi leo. Naitrojeni yetu iko. Imelala mahali pasipo na jembe, na mahindi ya mama yanageuka manjano ndani ya nchi hiyo hiyo.

Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, kutoka wastani wa kilo 8. Mwaka ulifika na ahadi haikufika. Mei 2024 wakakutana tena, safari hii Nairobi. Kila mara swali la wafadhili ni lile lile, kama kuongeza mbolea hakutaongeza gesijoto. Kutaongeza, kidogo. Majaribio ya mahindi magharibi mwa Kenya, kuanzia shamba lisilotiwa mbolea hadi la kilo 200 za naitrojeni kwa hekta, yameonyesha kwamba gesi hupanda polepole mwanzoni, kisha hupanda kwa kasi ukishavuka kilo 100 hivi. Chini ya hapo mmea unaiwahi naitrojeni kabla ya bakteria. Kati ya kilo 7 na kilo 100 kuna uwanja mpana wa watu kushiba. Shamba lisilotiwa kitu nalo linatoa gesi yake ndogo, na ukiigawa gesi hiyo kwa magunia matatu ya mahindi, kila gunia linabeba mzigo mkubwa kuliko ungegawanywa kwa magunia 15.

Nikipewa nafasi ya kubadilisha safu moja tu kwenye yale majedwali ya darasani, ningeweka gesi kwa gunia kando ya gesi kwa hekta, na kando ya hizo mbili, naitrojeni iliyobaki shambani baada ya mavuno, iwe ya ziada au ya deni. Hapo Nyando na Woerden zingeonekana kwa sura zao.

Kuna mtu mwingine wa vipimo ninayemkumbuka kila mvua za masika zinapoanza. Muguga, nje kidogo ya Nairobi, mtafiti aliyeitwa Birch aliona kwamba udongo uliokauka kwa muda mrefu ukiloweshwa ghafla hutoa hewa na virutubisho kwa mkupuo, kisha hutulia. Aliandika hilo mwaka 1958, na duniani kote hadi leo tukio hilo linaitwa kwa jina lake. Ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza ikipiga, mama akisema sasa tupande, ni dalili ya kazi hiyo hiyo. Anayechelewa kupanda anaiacha naitrojeni ya bure ioshwe kuelekea ziwani au ipae. Mama hajawahi kumsikia Birch, na hajawahi kuchelewa kupanda.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani. Chini ya shamba letu kuna bonde la kinamasi ambako bibi alipanda nduma, na mafunjo yalikuwa yakifika kifuani. Kaka yangu alikuwa pale na vijana wawili, wanachimba mtaro. Mifuko ya ruzuku ilishuka hadi shilingi 2,500, akaniambia, lakini kuifuata ni siku nzima na nauli, na shamba la juu limechoka mno. Bonde lina udongo mweusi, atapanda sukuma wiki na nyanya, mtaro utoe maji hadi mtoni. Udongo waliokuwa wakiutupa pembeni ulikuwa laini, mweusi, umejaa nyuzi za mizizi ambayo haikuoza. Niliuokota nikaukamua ukatoa maji. Ulikuwa sawa kabisa na ule nilioushika Woerden.

Nilimwambia kuhusu nyumba yenye ngazi inayoongezwa vidato chini. Alisikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe. Kisha akaniuliza: kama hapa tusichimbe, na kule juu hakuna mbolea, wewe dada yangu uliyesoma, tulime wapi?

Tulikubaliana mtaro uishie nusu ya bonde, na mawe yawekwe mdomoni ili maji yasishuke sana, nduma zibaki upande wa chini. Januari nilimtumia pesa za mifuko minne, miwili ya DAP ya kupandia na miwili ya CAN ya kukuzia, kwa shamba la juu. Sanduku moja la plastiki ninalo, na fremu mbili. Ya kwanza nimeizika kwenye mahindi ya mama, ya pili ukingoni mwa mtaro.